Je, Yafaa Mwalimu Kunyosha Kazi ya Mtoto?

Kila mwaka, majuma manne ya Majilio yanapoanza, waalimu wengi wa watoto wadogo huwakusanya wanafunzi wao ili watengeneze mapambo ya Noeli: nyota, malaika, kondoo, na hori. Wengine hutumia ukindu, wengine mabua ya mahindi, wengine maganda ya mgomba, na wengine udongo wa mfinyanzi. Vitu hivi hutundikwa au kupangwa kanisani, na sikukuu ikiisha kila mtoto huchukua chake akampelekea mama yake, kiwe ukumbusho nyumbani. Ni desturi njema, wala hatudhani kwamba yuko msomaji atakayeilaumu. Walakini ndani yake limo swali moja ambalo tumelifikiri kwa muda mrefu, nalo si dogo kama lionekanavyo: kazi ya mtoto ikiwa imepotoka, je, yafaa mwalimu ainyoshe kabla watu hawajaiona?

Wapo wasemao kwamba yafaa, nao wana hoja zao. Kwanza, husema, kitu kiwekwacho mbele ya Mungu hakina budi kuwa kizuri; watu wa zamani hawakuleta madhabahuni mnyama mwenye kilema, basi na sisi tusilete nyota yenye ncha tatu na nusu. Pili, mtoto asiyeonyeshwa kosa lake hulizoea, na mithali yetu yasema, Samaki mkunje angali mbichi. Tatu, wazazi hufurahi waonapo kazi safi, na mzazi aliyefurahi hampeleki mwanawe machungani siku za shule. Hoja hizi tulizikubali zote, tukazifuata, mpaka mwaka mmoja tulipopata somo ambalo hatukulitafuta.

Mwaka ule tuliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kufinyanga kondoo. Udongo tuliuchimba bondeni, tukautoa mawe na mizizi, tukaukanda sana ili hewa itoke. Tuliwaonyesha jinsi ya kukwaruza mahali pa kuunganishia mguu, na kupaka udongo mwepesi kama uji, ili mguu ushike usianguke ukikauka. Watoto walifanya kazi kwa bidii, ndimi nje, kama ilivyo desturi yao wakishughulika. Jioni tulipanga kondoo wote juu ya ubao kivulini, wakauke polepole. Na usiku ule, kwa kuwa wageni walikuwa wakija Jumapili, tukachukua taa na bakuli la maji, tukaanza kutengeneza. Huyu tulimwongezea masikio, yule tukamsawazisha mgongo. Tukamwona mmoja mwenye miguu mitano. Tukacheka kidogo, tukaukata mguu wa tano, tukapalainisha mahali pake kwa kidole chenye maji hata pasijulikane.

Jumapili wageni walisifu sana. Sikukuu ilipopita, mama mmoja alipewa kondoo wake na mwanawe, akashukuru. Lakini mtoto alikuwa kimya. Mama akamwuliza, "Mwanangu, mbona huna furaha? Umefinyanga vizuri." Mtoto akajibu, "Mama, huyu si wangu. Wangu alikuwa na mwana, ananyonya." Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mguu wa tano haukuwa mguu. Alikuwa mwana-kondoo, amesimama chini ya mama yake. Na mama yule alikuwa amejifungua mwezi uliotangulia, naye alikuwa amembeba mtoto mchanga mgongoni, hapo hapo mbele yetu.

Tulimwomba mtoto radhi, tukampa udongo mwingine ili afinyange tena. Aliushika kwa muda, akaukunja, akauweka chini. Akasema, "Mwalimu, sijui tena alivyokuwa." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu atoaye habari. Hata hivyo neno lile limetukaa moyoni kuliko lawama ya mkubwa yeyote.

Tangu hapo tumejiuliza: kosa letu lilikuwa nini hasa? Kwamba hatukumwuliza mtoto? Naam, hilo ni kosa. Lakini hata kama mguu wa tano ungalikuwa mguu kweli, tunaona kwamba tungalikosa vile vile. Maana ukumbusho ni kitu cha namna gani? Ukumbusho ni shahidi. Mama akiuangalia baada ya miaka 20, wamwambia, "Mwanao alipokuwa na miaka 7, mkono wake ulikuwa hivi, na aliyoyaona yalikuwa haya." Shahidi huyu akifundishwa usiku maneno ya kusema, hata yakiwa maneno mazuri, amekuwa shahidi wa uongo. Tena mtoto mwenyewe ajua. Asifiwapo kwa kazi isiyo yake hujifunza mambo mawili mabaya kwa pamoja: kwamba kazi yake mwenyewe haitoshi kupendwa, na kwamba sifa zaweza kupokewa kwa jasho la mtu mwingine. Wazee wa pwani husema, Usisafirie nyota ya mwenzio. Nasi twawapa watoto nyota zetu, twawaambia wasafiri.

Je, na habari ya sadaka isiyo na kilema? Twajibu kwamba kilema cha sadaka hupimwa kwa uwezo wa mtoaji. Mjane wa Injili alitoa sarafu mbili ndogo, wala hakuna aliyezibadili kwa fedha kubwa ili sanduku lipendeze. Tena tukumbuke Noeli yenyewe ni habari ya nini. Mwaka 1223, huko Greccio katika Italia, Mtakatifu Fransisko wa Assisi alipotaka watu waone kwa macho jinsi Bwana alivyozaliwa, aliomba aletewe hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Alitaka kuonyesha umaskini wa mahali pale, wala hakutaka kuuficha. Basi yashangaza kwamba sisi, tukiadhimisha mtoto aliyelazwa horini, twaona haya kwa mguu wa kondoo uliopinda.

Lakini tusikimbilie upande wa pili, tukasema kila kazi ya mtoto ni njema na iachwe. Huo ungekuwa uvivu wa mwalimu uliovikwa nguo ya upendo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, katika shule ya Wamoravian huko Niesky, Ujerumani, wavulana walifundishwa kutengeneza nyota ya karatasi ili wajifunze elimu ya maumbo. Nyota ya namna hiyo, ijulikanayo kwa jina la Herrnhut, kwa kawaida ina ncha 25: 17 zenye pande nne, na 8 zenye pande tatu. Wamoravian hao ndio waliofika Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa, mwaka 1891. Sasa, katika nyota ile mwanafunzi akikosea pembe moja, ncha hazikutani. Hana haja ya mwalimu kumwambia. Karatasi yenyewe yamwambia. Naye hurudi akapima tena kwa mkono wake mwenyewe. Hapo kosa limesahihishwa, na kazi imebaki yake.

Kwa hiyo twaona kwamba mithali ya samaki tuliielewa vibaya. Mithali yatuamuru tumkunje samaki, yaani mtoto. Haikutuamuru tukunje kitu alichokifanya, hali yeye amelala nyumbani kwao. Mwenye kusahihisha mkono amefundisha. Mwenye kusahihisha kondoo usiku amejipamba mwenyewe mbele ya wageni. Na tukisema kweli, usiku ule hatukuwa tukifikiri utukufu wa Mungu wala faida ya mtoto. Tulikuwa tukifikiri Jumapili.

Siku hizi twafuata njia hii. Kabla ya kazi twaonyesha vizuri, tena mara nyingi. Wakati wa kazi twauliza, "Hiki ni nini?" kabla ya kusema neno lolote. Mguu ukiwa umeunganishwa kwa uzembe twamwambia mtoto autoe, akwaruze, aunganishe tena, maana huo ni uzembe, nao ni kosa. Lakini ukiwa umepinda kwa sababu vidole ni vidogo, huo si kosa, ni umri. Na kazi ikiisha, mkono wetu hauigusi ila kuipeleka motoni.

Pengine wako waalimu wenzetu wenye mawazo mengine, nao wana haki ya kutujibu. Sisi tumesema tuliyoyaona. Yule kondoo yu hai bado, kwa maana ya udongo: amewekwa juu ya kabati katika nyumba ile, na kila tuendapo kuwasalimu twamwona. Ana miguu minne, mgongo wake ni sawa, wageni humsifu. Mtoto hajamsifu hata leo.