Kutu Haiponi kwa Rangi

Neno la Kwaresima

Masomo ya kutafakari: Luka 14:28–30, Mathayo 23:25–28, 1 Wakorintho 6:19–20



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona katika kurasa hizi za Kwaresima habari za gari la spoti la zamani. Msishangae. Bwana wetu alihubiri kwa habari za mbegu, wavu, taa na chachu, vitu ambavyo watu walivishika kwa mikono yao kila siku. Katika parokia zetu wamo mafundi wa magari. Wamo vijana wanaopenda magari ya kale. Na wamo wastaafu ambao, wakishapata kiinua mgongo chao, hulikumbuka gari walilolitamani tangu walipokuwa watoto. Neno hili ni lao kwanza, lakini ni letu sote.

Tena gari tunalotaka kulitaja limepita karibu sana na Pasaka yetu. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka. Watu walitoka kanisani wakaenda kusimama kando ya barabara, wakayatazama magari yakipita katika tope na vumbi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström. Ndiyo maana hata leo wazee wetu wengi wakiliona gari hilo, lenye boneti ndefu na viti viwili tu, husimama kulitazama.

Je, ni dhambi kulipenda? Hatusemi hivyo. Katika Kutoka sura ya 31 twasoma kwamba Mungu mwenyewe alimjaza Bezaleli ujuzi wa kufanya kazi za dhahabu, mawe na miti. Kazi nzuri ya mikono ya wanadamu ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kupenda bila kuangalia ni hatari, na hapo ndipo linapoanza somo letu.

CHINI YA RANGI

Datsun 240Z zilitengenezwa kati ya mwaka 1969 na 1973. Basi hata iliyo changa kuliko zote imepita miaka hamsini. Injini yake ya silinda sita, yenye lita 2.4, ni injini ngumu. Ikichoka, fundi hodari aweza kuifungua na kuirudisha katika hali yake. Adui mkubwa wa gari hili si injini. Adui ni kutu.

Gari hili halina chesi iliyo mbali na bodi, kama lilivyo lori. Sakafu, vizingiti vya milango na mihimili iliyochomelewa chini ya sakafu ndiyo mifupa yake. Na hapo hapo ndipo kutu inapopenda kukaa: chini ya betri, mahali pa kuwekea miguu, ndani ya vizingiti, mbele ya gurudumu la nyuma, na katika shimo la tairi la akiba. Maji huingia kidogo kidogo, hukutana na tope, hukosa njia ya kutoka, kisha hula chuma kutoka ndani kuja nje. Hapa kwetu pwani hewa ya chumvi huongeza kasi ya kazi hiyo. Siku utakapoona rangi imetoa malengelenge, ujue kwamba ndani kazi ilianza zamani.

Kwa hiyo mtu akienda kununua, asianze na boneti. Aanze na sakafu. Ainue zulia. Aombe gari liinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, ndipo alale chini atazame. Asilale kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Achukue sumaku ndogo, aifunge kitambaa laini isikwaruze rangi, aitembeze juu ya bodi. Pale inaposhika, pana chuma. Pale isiposhika, pana puti iliyosuguliwa na kupakwa rangi. Afungue milango: mlango ukishuka, au ukitaka kuinuliwa ndipo ufungike, yawezekana ni bawaba zimechoka, lakini yawezekana pia ni mifupa ya gari inayolegea.

Kisha awashe injini, atazame moshi. Moshi wa buluu ni injini inayokula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dalili kwamba maji ya rejeta yanaingia yasipotakiwa. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Mwisho alinganishe namba ya chesi na ya injini na zile zilizoandikwa katika logibuku. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo gari la kale utakalolikuta hapa huenda limekuwapo nchini kwa miaka mingi na kupita katika mikono mingi. Si kila mkono ulikuwa mwaminifu.

Na kutu ikishaonekana, dawa yake ni nini? Kila fundi mkweli atakuambia. Haipakwi rangi, wala haizibwi kwa puti. Hukatwa mpaka kufika kwenye chuma king'aacho, ndipo kipande kipya kikachomelewa. Ukiacha kidogo cha kutu ndani, itaendelea kula chini ya kipande chako kipya.

Bwana wetu aliwaambia waandishi na Mafarisayo kwamba wamefanana na makaburi yaliyopakwa chokaa, yapendezayo kwa nje tu. Na sisi tujiulize: Kwaresima yetu ni ya namna gani? Twaweza kuacha nyama na sukari siku arobaini, na huku hatusemezani na ndugu yetu wa tumbo moja kwa sababu ya shamba la marehemu baba. Hiyo ni rangi juu ya kutu. Kufunga ni kwema, lakini kufunga kusikokata kitu hakuponyi kitu.

KUHESABU GHARAMA

Tuseme mzee mmoja amepata kiinua mgongo chake. Anasikia kwamba kuna Datsun ya aina ile inauzwa, rangi nyekundu, inang'aa. Anakwenda peke yake, analipa siku ile ile, wala hamwambii mama watoto. Mama analiona gari kwa mara ya kwanza linapovutwa kwa kamba kuingizwa uani. Swali lake la kwanza ni rahisi sana: "Baba Fulani, viti ni viwili. Na watoto wanne watakaa wapi?" Swali la pili halisemi kwa sauti: ada ya shule ya muhula ujao iko wapi?

Bwana alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, asiyekaa kwanza akahesabu, akashindwa njiani, na watu wakamcheka. Neno hilo lafaa kuandikwa ukutani mwa kila gereji. Bei ya kununua ni mlango tu. Anayenunua gari la namna hii na asibakize akiba kwa mwaka wa kwanza amenunua mzigo. Breki zitataka kufunguliwa zote. Mipira ya petroli iliyokauka na kupasuka lazima ibadilishwe mara moja, kwa kuwa petroli ikidondoka juu ya injini yenye moto, gari zima huteketea. Vipuri vingi hutoka ng'ambo, navyo hulipiwa ushuru.

Matairi nayo hudanganya. Tairi laweza kuwa na meno mazuri na bado limekufa kwa uzee. Tazama ubavuni mwake zile tarakimu nne za mwisho: 2315 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2015. Tairi la jinsi hiyo usiliamini kwa mwendo wa kasi, hata likiwa halijatembea.

Tena wenye ujuzi husema neno moja la hekima: afadhali kulipa zaidi kwa gari lenye bodi nzima, hata injini ikiwa imechoka, kuliko kununua kwa bei nafuu bodi iliyoliwa. Kazi ya kukata na kuchomelea itameza ile nafuu yote, na zaidi.

Basi kanuni yetu ni hii. Neno lisiloweza kusemwa mbele ya mke wako, au mbele ya mume wako, halijawa tayari kufanywa. Hesabu iwekwe mezani. Kama baada ya ada, chakula na sadaka kimebaki kitu, na wote wawili wameridhia, nunua kwa furaha na umshukuru Mungu.

KWA MUUZAJI NA KWA FUNDI

Hapa twataka kusema kwa uzito. Mikanda na viti vya gari hili hushikwa na ile bodi na ile sakafu. Sakafu iliyoliwa, ikafunikwa kwa bati jembamba, puti na zulia jipya, haitashika siku ya ajali. Anayeificha anajua. Anayeuza akijua amemwuzia jirani yake hatari ya kufa, akapokea fedha.

Torati ilikataza mizani ya uongo, Walawi 19:35–36. Puti ni mizani ya uongo ya siku zetu. Wengine hujitetea wakisema, "Nimeliuza kama lilivyo." Lakini kama wewe ndiwe uliyelifunika, hukuliuza kama lilivyo, umeliuza kama lisivyo.

Fundi Mkristo, mteja akikuambia, "Ziba tu, nataka kuuza," una haki ya kukataa, na tunajua kukataa huko kwaweza kukunyima mkate wa siku hiyo. Kanisa lisikuache peke yako katika jambo hilo. Sisi tunaopeleka magari kwako yatupasa kukulipa mshahara wa kazi ya kweli, tusikubembeleze ufanye kazi ya bei nafuu kisha tukalaumu.

Na kama yuko mmoja wetu aliyekwisha kuuza gari akijua ubovu uliofichwa, asingoje. Zakayo hakusema tu kwamba ametubu. Alirudisha, tena mara nne. Mwendee uliyemwuzia kabla ya Pasaka. Mwambie palipo na kutu. Mrudishie fedha, au mchangie matengenezo. Yawezekana kwamba kwa kufanya hivyo utaokoa uhai wa mtu.

KUTUNZA

Aliyekwisha kununua ameanza kazi. Oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 5,000, na gari lisilotembea sana, angalau mara moja kwa mwaka. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Yafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Platini na plagi zisafishwe, nafasi za vali zipimwe. Na kuna kazi moja ndogo inayosahauliwa: yale matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti yazibuliwe kwa waya. Ni kazi ya dakika chache, lakini tundu lililoziba kwa tope ndilo linaloanzisha kutu.

Wako pia wanaolipenda gari lao hata hawaliendeshi. Hulifunika kwa turubai mwaka mzima. Chini ya turubai unyevu hukaa, breki hushikana, petroli huharibika, mipira hukauka. Gari lililofichwa hufa polepole. Imani nayo haitunzwi kwa kufunikwa ikangoja Krismasi na Pasaka. Sala fupi ya asubuhi, kusameheana kabla ya kulala, kuja kwenye Meza ya Bwana kwa desturi: hayo ni matundu madogo yanayotoa maji. Yakiziba hatuoni kitu mwaka huu, wala mwaka ujao.

SISI TULIONUNULIWA

Mtume Paulo awakumbusha Wakorintho kwamba wao si mali yao wenyewe, kwa maana walinunuliwa kwa thamani. Fikirini, wapenzi, ni mnunuzi wa namna gani aliyetununua. Yeye aliinua zulia. Aliona kila mahali palipoliwa, hata pale tunapoficha wenyewe kwa wenyewe, na hata pale tusipopajua. Mnunuzi mwenye busara ya dunia angaliondoka. Yeye alilipa, tena hakulipa bei ya chuma chakavu.

Na baada ya kulipa hakutupaka rangi. Aliianza kazi ya kukata mpaka kufika kwenye chuma kizima. Kazi hiyo huuma, na Kwaresima ndio wakati wa kumwachia aifanye. Basi kila mmoja wetu aingie ndani ya nafsi yake na kuuliza: ni wapi ambapo nimeweka zulia, nikawa sitaki mtu aliinue?

Tuombe.

Ee Mungu, uyaonaye yaliyofichwa na usituache, utupe moyo wa kukubali mkono wako unapokata, na uaminifu wa kusema kweli katika kununua na kuuza kwetu. Uwabariki mafundi wetu, uwalinde wasafiri wote barabarani, na utufikishe Pasaka tukiwa safi ndani na nje. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.