Aliyekata Jina Amechukua Nini?

Kuna jambo ambalo sisi wa makundi ya WhatsApp tumelizoea hadi hatulioni tena. Katuni inaingia kwenye simu, tunacheka, tunaituma mbele. Mahali fulani njiani mtu ameikata kidogo chini, pale penye jina la mchoraji. Inawafikia wengine ikiwa safi, kama vile imejichora yenyewe. Ninachojiuliza ni hiki: huyo aliyekata amechukua nini hasa?

Nauliza kwa sababu binamu yangu anachora. Anaishi Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama kilomita 112 kutoka Sumbawanga ukipitia Matai na kuteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa. Wajerumani walipaita Bismarckburg. Leo ni bandari inayopeleka mizigo Kongo, na ni ufuko wa dagaa wanaoanikwa juani. Katuni zake ni hadithi za picha sita au nane: wavuvi wanaogombana na mwezi kwa sababu ukiangaza sana dagaa hawazifuati taa zao, mama anayebishana bei na mnunuzi aliyeteremka kutoka mjini, wazee wanaoiulizia meli ya Liemba kama mtu anavyomuulizia ndugu aliyesafiri bila kuaga.

Anachorea kwenye simu. Msomaji anaona picha moja, lakini ndani ya faili kuna matabaka. La chini kabisa ni mchoro wa awali, kwa bluu hafifu. Juu yake linakuja la wino, kisha la rangi, kisha la vivuli, na mwisho la maneno, ili akibadili neno asiguse uso wa mtu. Upana anauweka pikseli 800, kipimo kilichozoeleka kwa katuni za kusoma kwa kuteremsha skrini. Herufi anazifanya kubwa, maana anajua msomaji wake anasoma juani kwenye kioo kilichopasuka. Hakuna chuo kilichomfundisha hayo. Aliyapata kwenye video za bure za watu asiowajua, wengine wakizungumza lugha asizozielewa, yeye akifuata mikono yao tu.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja aliichukua ile katuni ya wavuvi na mwezi, akakata jina, akaandika namba yake ya simu, akaitumia kutangaza taa za sola. Ilizunguka hadi ikaingia kwenye kundi la ukoo wetu ikitokea Mbeya. Tulikasirika karibu wote. Baba mdogo, ambaye amevua ziwani tangu ujana wake, hakukasirika. Alituma ujumbe wa sauti: "Samaki wangu ukimchukua, mimi nalala njaa. Picha ukiichukua, mwenyewe bado anayo. Sasa ameibiwa nini?"

Nasoma shahada ya uzamili, na najua baba mdogo angepata watetezi wengi darasani. Hoja yake si ya mzaha. Wizi tunaoufahamu ni ule wa kumpunguzia mtu kitu, na hapa hakuna kilichopungua. Zaidi ya hapo, ana historia upande wake. Hadithi za sungura na fisi tulizolelewa nazo hazina jina la mtunzi. Kila bibi alizipokea, akaongeza chumvi yake, akazipitisha. Kama utamaduni wetu uliishi hivyo na ukastawi, kwa nini mchoraji mmoja adai jina lake lisafiri na kila nakala?

Jibu la haraka ni sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kama mwenye kazi, na haki hizo zinaanza kazi inapokamilika bila kusubiri usajili. Lakini sheria inatuambia tu kwamba kuna kosa. Baba mdogo alitaka kujua kosa lenyewe ni nini.

Nianze na bibi. Ni kweli hakuweka jina lake kwenye hadithi. Hakulihitaji, kwa sababu alikuwepo. Sauti ilikuwa yake, na mtoto aliyechukizwa na mwisho wa hadithi aliweza kumuuliza papo hapo. Ukipenda ulimwambia asimulie nyingine. Ukiona amekosea ulimbishia. Mchoraji wa mtandaoni hayupo pale picha yake inaposomwa. Jina lile dogo pembeni ndilo linalofanya kazi ya uwepo wa bibi: linatuonyesha wa kumuuliza, wa kumbishia, wa kumwambia tunataka nyingine. Kwa hiyo anayekata jina haturudishi kwenye desturi ya bibi, maana anachokiondoa ni bibi mwenyewe.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Jina kwenye katuni ni pia kujitwisha mzigo. Godfrey Mwampembwa, tunayemjua kama Gado, alichora kwa miaka mingi katika magazeti ya kampuni ya Nation, Nairobi, hadi 2016. Mchoraji wa gazeti, hata akigombana na wakubwa wake, ana mhariri na mwanasheria kati yake na waliochukia. Anayejichapishia kwenye ukurasa wake hana mtu hapo kati. Septemba 2021, Opptertus John Fwema alikamatwa Dar es Salaam baada ya katuni iliyomgusa Rais kuonekana Instagram, akakaa mahabusu zaidi ya siku 10. Walioicheka na kuituma mbele walilala nyumbani kwao. Simaanishi kwamba walipaswa kukamatwa. Ninachosema ni kwamba jina huwa linagharamiwa, na aliyeligharamia ni mmoja. Kuchukua kicheko na kumwachia hatari peke yake, kisha siku ya sifa kumnyima hata kutajwa, ni mgawanyo usio wa haki hata kama hakuna samaki aliyepungua.

Mtu anaweza kunigeuzia hoja: basi kumkatia mchoraji jina ni kumlinda. Pengine. Wapo wachoraji wanaochagua kutosaini, na wana haki hiyo. Lakini uamuzi wa kujificha ni wa anayewindwa, na mwenye duka la taa hakumwuliza.

Linabaki deni la ujuzi. Binamu yangu alijifunza bure; je, hadaiwi na yeye atoe bure? Hapa nadhani tunachanganya vitu viwili. Ujuzi ni kama kaa la moto unaloomba kwa jirani: unakwenda kuwasha jiko lako, na la kwake haliwi baridi. Huo unapaswa kuzunguka, na binamu yangu anauzungusha. Vijana wawili wa pale bandarini wameshajua matabaka kupitia kwake. Lakini kupewa kaa hakumpi mtu ruhusa ya kuingia jikoni, kupakua ugali uliosongwa na mwingine, na kuwaambia wageni ameusonga yeye. Waliomfundisha walimwonyesha namna ya kushika wino. Hawakumpa yule mvuvi anayeutukana mwezi. Huyo alitoka kwenye usiku wa Kasanga na kwenye jicho la mtu mmoja.

Nilimwandikia baba mdogo haya kwa ufupi. Akajibu kwamba bado haoni wizi, ila anaona utovu wa adabu. Nimelifikiria neno lake na nimeona huenda ni bora kuliko la kwangu. Wizi unatutuma polisi na mahakamani, ambako binamu yangu hana nauli wala muda wa kwenda. Adabu inamhusu kila mmoja mwenye simu, sasa hivi, kabla ya kubonyeza kutuma.

Siku hizi binamu yangu haandiki jina pembeni. Analiandika ubavuni mwa mtumbwi, kwenye tabaka lilelile la wino, mahali ambapo mitumbwi ya ziwani huandikwa majina. Anayetaka kulikata itabidi akate na mtumbwi, na wavuvi wabaki majini. Ni ufundi mzuri, ingawa anajua kuna programu zinazoweza kulifuta kwa sekunde chache. Faili lenye matabaka yote amelihifadhi, kwa siku atakayoulizwa nani alichora.