Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii ni fupi kwa maneno lakini ndefu kwa maana. Kila mtu katika nchi yetu huijua, na wengi huitamka mgeni anapobisha hodi. Lakini methali hupendwa mara nyingine hata watu wakasahau kuipima. Je, mwenyeji hupona kwa sababu tu mgeni amekuja? Au liko jambo ambalo lazima litendeke kati ya kuja kwa mmoja na kupona kwa mwingine? Swali hili si la mzaha katika Mwanza, mji wa mawe na maji, unaotamani watalii kama mkulima atamanivyo mvua. Mvua ni neema. Lakini ikimkuta mtu asiye na shamba humlowesha tu.

Tazama kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi ya Ziwa Victoria. Mwaka 1965 kilifanywa pori la akiba, na wavuvi na wakulima wa Kizinza waliokaa huko wakahamishwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 waliokuwa wamefungwa katika mabustani ya wanyama ya Ulaya, wakafunguliwa kisiwani. Sokwe hawakuwa na asili ya kisiwa kile. Hata hivyo walijifunza tena maisha ya mwituni, wakazaa. Mwaka 1977 Rubondo ikawa hifadhi ya taifa, na leo watalii husafiri mbali kuwatafuta wazao wao. Basi katika muda wa miaka michache kisiwa kilimtoa mtu aliyekiita nyumbani, kikampa makao mnyama aliyetoka ng'ambo.

Sisemi haya kwa kuwaonea sokwe kijicho. Kumfungua mfungwa ni tendo jema, awe mtu au awe mnyama. Wala sidai kuwa ingefaa kisiwa kiachwe kama kilivyokuwa. Msitu wa Rubondo umesimama. Uvuvi umekatazwa katika maji yake, na samaki wanaozaana humo kwa amani hawajui mpaka. Hutoka wakaingia katika nyavu za watu wa nje. Mtu wa insafu hana budi kukiri faida hii. Lakini wema wa tendo haufuti deni la tendo. Aliyeondolewa ili wengine wafurahi ni mdai, na mdai hatosheki kwa kuambiwa kuwa fedha zake zimetumika vizuri.

Karibu zaidi na mji kiko kisiwa cha Saanane. Kilichukua jina la Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mwenyeji wake kabla Serikali haijakitwaa. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 hifadhi ya taifa. Kila mtalii anayevuka kwenda huko hulitamka jina la mvuvi yule, na yamkini wengi hawajui kuwa ni jina la mtu. Jina ni heshima, nami nafurahi kuwa lilibaki. Lakini jina halipikwi chunguni, na wana wa wavuvi huamka kila siku na njaa iliyo sawa na ya watu wengine.

Sasa twende Kisesa, katika barabara iendayo Musoma, tupande kilima cha Bujora. Huko Padre David Clement wa Kanada, pamoja na Wasukuma wenyewe, alianzisha katika miaka ya 1950 kazi ya kukusanya na kuhifadhi mambo ya kale ya Usukuma. Zimo ngoma za watemi, vyombo vya waganga na zana za wahunzi. Kila mwaka, mwezi wa Juni, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma katika sikukuu ya Bulabo. Moja ya ngoma hizo ni bugobogobo, ambayo huchezwa kwa majembe, kwa kuwa ilizaliwa shambani, watu walipolima pamoja.

Jembe hilo lanikumbusha methali ya pili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Padre yule alikuwa mgeni, lakini mgeni aliyepokea jembe. Na wachezaji wa Bulabo hawachezi kwa ajili ya kutazamwa na watalii tu. Wangecheza hata kama asingekuja mtalii mmoja, maana Mgika ataka kumshinda Mgalu. Mtalii hukaribishwa katika furaha ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Hiyo ndiyo furaha yenye thamani kwake pia, kwani aliyesafiri mbali akaonyeshwa maigizo ya kumridhisha amejiona mwenyewe tu katika kioo cha gharama.

Kwa hiyo naona kuwa mwenyeji si yule aliyezaliwa mahali tu. Mwenyeji ni mwenye kauli juu ya mlango: aweza kusema karibu, na aweza kusema hapa usiingie. Asiye na kauli hiyo katika nchi yake ni mtumishi au ni kitu cha kutazamwa, na hakuna kati ya wawili hao aponaye kwa kuja kwa mgeni.

Dawa ya jambo hili si ngumu kuitambua, ingawa ni ngumu kwa mwenye tamaa kuimeza. Hoteli inunue sato na dagaa wake mwaloni, kwa bei ambayo mvuvi ameikubali. Mtumbwi unaomvusha mgeni uwe wa kijiji, na kijana amwongozaye awe wa pale. Mgeni aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Na ardhi inapotakiwa, wakaao juu yake waulizwe mapema, wakati jibu lao laweza bado kubadili shauri. Mwenye hoteli hatapata hasara kwa haya; jirani aliyeshiba ni mlinzi asiyedai mshahara.

Methali yetu, basi, si habari ya jambo litokealo lenyewe. Ni ahadi, na ahadi hungoja mtu wa kuitimiza. Twasema "mgeni njoo" kwa sauti kuu, na mgeni amesikia. Neno la pili la methali bado lipo mikononi mwetu.