Kijaluba cha Mfalme na Risasi ya Kunersdorf

Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia, alikuwa mraibu wa ugoro. Koti lake halikukosa vumbi la ugoro. Vijaluba vyake vya ugoro vilikuwa vingi mno, vya dhahabu na almasi, vingine vya krisopresi, jiwe la kijani lililochimbwa Silesia. Mjini Berlin, Daniel Chodowiecki alianza kujipatia riziki kwa kuchora picha ndogo za enameli za kupamba vijaluba vya namna hiyo. Enameli ni unga wa kioo wenye rangi, unayeyushwa kwa moto mpaka ushikamane na dhahabu. Moto ukizidi kidogo, kazi yote imeharibika.

Kijaluba kinachonisumbua mimi kimebonyea. Tarehe 12 Agosti 1759, kule Kunersdorf, mashariki ya mto Oder, Warusi na Waaustria walilivunja jeshi la Friedrich. Farasi wawili walipigwa risasi akiwa juu yao. Risasi nyingine ikamlenga yeye, ikagota kwenye kijaluba kilichokuwa mfukoni. Mpaka leo kimehifadhiwa katika ngome ya Hohenzollern.

Mimi ni mchungaji wa Kilutheri, na visa kama hicho naletewa kila mara. Huyu alichelewa basi, basi likapinduka. "Mchungaji, Mungu ana kusudi na mimi." Nafurahi naye kwa moyo wote. Lakini abiria wa basi lilelile nimewazika mimi, na mama wa mmoja wao ameketi benchi la tatu, anasikia kila neno la ushuhuda. Mwanawe yeye hakuwa na kusudi?

Kunersdorf nako alikuwako Ewald von Kleist, meja na mshairi. Alijeruhiwa vibaya, akafa siku kumi na mbili baadaye. Wapo waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa, jumla yao Waprussia karibu 19,000. Na vita vyenyewe vilianza pale Friedrich alipoivamia Saxony mwaka 1756! Tukisema mkono wa Mungu ndio uliotia kijaluba mfukoni, basi tumwambie na mjane wa askari ni mkono gani uliomwacha mumewe. Mimi siwezi. Mfalme mwenyewe, aliyenusurika, alimwandikia waziri wake Finckenstein kwamba yote yamepotea na kwamba hatataka kuishi nchi yake ikiangamia.

Katika Luka 13 Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Nami nalikataa lile pacha lake, kwamba aliyepona alistahili zaidi. Kushukuru ni haki yake aliyepona. Kueleza kwa nini yeye na si jirani yake, hiyo kazi hakupewa.

Kwa hiyo mtu akija kuomba nafasi ya ushuhuda, kwanza namtuma msibani. Akae na wafiwa, ale nao, awasikilize. Wako wanaoniona nimewanyima furaha yao. Wengi hurudi wakiomba tuwataje marehemu kwa majina kabla ya sala ya shukrani, nasi huwataja.