Nyumba ya Wote

Mwaka 1866 Mjerumani Ernst Haeckel alibuni jina la ikolojia kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nyumba. Nyumba hiyo haina mwenyewe mmoja. Mwanaikolojia hutandaza mraba wa kamba ardhini, akahesabu kilichomo, mche wa mkoko na kaa, unyasi na konokono, bila kuuliza kipi kina cheo. Msimu mwingine hurudi kuhesabu tena, apate kujua nani anamtegemea nani.

Mraba huo ukitandazwa Jangwani, Dar es Salaam, jina lenyewe litakanushwa. Jangwa hili ni bonde la Mto Msimbazi, ushukao kutoka vilima vya Pugu hadi mikoko ya Salenda. Mvua zikizidi, mto hutanuka humo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na baadhi ya wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande.

Husemwa: wamejitakia, wamejenga katika njia ya maji. Kauli hiyo ni nusu ya ikolojia. Mchanga unaojaza mto hutoka juu, miti ilikokatwa. Taka hutoka mitaa mingi. Lami na saruji huyanyima maji pa kuzama. Aliyefikiwa na maji si lazima awe ndiye aliyeyaita.

Elimu hii yaweza kusema kwamba mto utarudi. Haisemi nani alipe gharama ya kuupisha. Hilo ni swali la haki, na mwenye kuhesabu hata kaa hana udhuru wa kumsahau mtu.