Burashi ya Kunyolea na Wajibu wa Kujua

Katika vyombo vya mtu anyoaye ndevu kwa maji na sabuni, wembe ndio usifiwao na ndio uogopwao. Burashi haisifiwi wala haiogopwi. Hulowekwa, huzungushwa juu ya sabuni, hupitishwa usoni, hukung'utwa, kisha husahauliwa mpaka kesho. Walakini burashi hugusa uso mzima kabla wembe haujagusa sehemu yake ya kwanza, na uchaguzi wake huleta maswali ambayo wembe hauyaleti. Wembe ni chuma, na chuma hakina mama. Burashi aghalabu ni nywele, na nywele zilimea juu ya kiumbe, zikakatwa na mtu, zikasafishwa au zikaachwa na uchafu wake, zikatajwa kwa jina lake la haki au zikaazimwa jina la nywele nyingine. Kwa hiyo liko swali la kuulizwa: mtu anunuaye kitu kidogo namna hiyo ana wajibu gani wa kujua kilikotoka, na mtu akiuzaye ana wajibu gani wa kusema?

Wazoefu wa kunyoa kwa maji wengi hupendelea burashi iliyo ngumu na iliyosongamana. Sifa hizo ni mbili, si moja. Burashi iliyosongamana ni ile ambayo nywele nyingi zimetiwa katika fundo moja, hata kidole kikizitenga, shina halionekani upesi. Burashi ngumu ni ile ambayo nywele zake, zikipindwa, hurudi mahali pake kwa nguvu. Ugumu hutokana na unene wa unywele, na hutokana pia na kimo. Fundo la upana wa milimita 24 ambalo nywele zake zimesimama milimita 48 juu ya mpini huwa gumu kuliko fundo la upana huo huo, na la nywele zizo hizo, lililosimama milimita 58. Sababu ya kupendelea ugumu ni nyepesi kueleza. Sabuni ya kipande haitoi povu zito kwa kubembelezwa; hutaka kusuguliwa. Ndevu nazo, hasa zile zinazojikunja na kulala juu ya ngozi, hutaka kuinuliwa na kupenyezwa maji mpaka shinani kabla hazijakatwa. Burashi laini mno hulala usoni kama kitambaa kilicholowa. Hupendeza, lakini kazi yake huuachia wembe, na wembe uliofanyishwa kazi ya burashi hulipiza kisasi juu ya ngozi.

Hata hivyo ugumu si uchomaji. Burashi iliyo njema huwa na shina gumu na ncha laini. Katika jambo hili nywele za nguruwe zina tabia yake. Zikiwa mpya huchoma, na pengine hunuka. Hunywa maji, na kwa sababu hiyo hutaka kulowekwa kwa dakika kadha kabla ya kutumiwa. Baada ya majuma mengi ya kazi ncha zake hupasuka mbili au tatu, zikawa laini, na shina likabaki na nguvu yake. Nywele za melesi, mnyama wa Ulaya na Asia aliye wa ukoo mmoja na nyegere wa Afrika lakini asiye nyegere, hazinywi maji kwa kadiri hiyo. Huyashika baina yake, na zilizo bora huwa ngumu shinani na laini nchani tangu siku ya kwanza. Nywele za mkia wa farasi ni imara na hurudi upesi zikipindwa. Mwisho ziko nyuzi zilizotengenezwa na binadamu. Nailoni ya DuPont ilipofika sokoni mwaka 1938, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwa nywele za mswaki. Na tangu wakati huo nyuzi za namna hiyo zimesahihishwa hata leo ziko burashi zisizo na unywele hata mmoja wa mnyama, zilizo ngumu, zilizosongamana, na zinazokauka mapema.

Mpaka hapa hoja ni ya ufundi. Lakini kila moja ya namna hizi hugusa dhamiri kwa njia yake. Kwa Mwislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako madhehebu ya Shafii ndiyo yenye wafuasi wengi, nguruwe ni najisi mzima, na unywele wake uliolowa juu ya uso si jambo dogo kwa mtu anayejiandaa kwa sala. Mafakihi hawakuwa na kauli moja. Wa madhehebu ya Maliki waliona kuwa unywele uliokatwa ni tohara, na wa Hanafi waliwaruhusu washona viatu kuutumia katika kushonea kwa ajili ya haja. Hitilafu hiyo yenyewe huonyesha kuwa swali lilikwisha kuulizwa kwa makini, karne nyingi kabla burashi hazijapangwa madukani. Melesi naye ana madai yake. Uingereza imemlinda kwa sheria tangu 1973, na nywele nyingi za burashi za leo hutoka China, ambako watetezi wa wanyama wamelaumu namna anavyonaswa na kufungwa vizimbani. Nyuzi za kiwandani hazina najisi wala damu, lakini ni uzao wa mafuta ya petroli na haziozi zikitupwa. Mtu atafutaye burashi isiyo na swali lolote atafuta ndevu kwanza.

Basi mnunuzi afanye nini? Dukani huichukua burashi, huipinda kwa kidole gumba, hutazama kama inarudi, huzitenga nywele na kuona kama shina limejificha. Kwa njia hiyo hujua ugumu na msongamano. Lakini kidole hakiwezi kumwambia kama nywele ni za nguruwe au za farasi, wala kama zilichemshwa au hazikuchemshwa. Hapa pana mgawanyiko ulio mkubwa kuliko burashi. Sifa za kitu ni za aina mbili: ziko zinazopimwa kwa mkono, na ziko zinazojulikana kwa neno tu. Za kwanza kila mtu aweza kuwa hakimu wake. Za pili hazina hakimu ila ukweli wa mwenye kujua. Sokoni mtu hununua zote mbili kwa pesa moja, na mara nyingi hudhani amenunua zile za kwanza tu.

Tofauti hiyo iliwahi kugharimu roho za watu. Kabla ya Vita Kuu vya 1914 mpaka 1918, burashi zilizothaminiwa zilikuwa za nywele za melesi, na nywele hizo zilitoka hasa Urusi. Vita vilivuruga njia za biashara, na majeshi yalitaka burashi kwa maelfu, kwa kuwa askari aliagizwa awe amenyoa. Basi mahali pa melesi pakatiwa farasi. Singa za farasi kutoka Mashariki ya Asia zilitengenezwa zifanane na nywele za melesi, zikauzwa kwa bei rahisi. Katika baadhi ya singa hizo mlikuwa na kimeta. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanakijua kimeta vizuri: kijidudu chake, kikiwa katika hali ngumu, hujifungia ndani ya ganda, na katika ganda hilo huweza kudumu kwa miongo ya miaka udongoni, ngozini au katika manyoya. Burashi ilipolowekwa na kusuguliwa juu ya uso uliokatwakatwa na wembe, kijidudu kilipata mlango. Askari na raia wa Uingereza na Marekani zaidi ya 200 walipatwa na vidonda vya kimeta vya uso na shingo, na baadhi yao walikufa. Penisilini ilikuwa bado haijavumbuliwa.

Jambo la kutisha katika habari hiyo ni kuwa burashi zile zilishinda mtihani wa kidole. Singa za farasi ni ngumu; zilirudi zilipopindwa. Mnunuzi aliyejua kuchagua na mnunuzi asiyejua walikuwa sawa mbele ya hatari, kwa sababu kilichowadhuru hakikuwamo katika sifa za mkono. Kilikuwamo katika neno lisilosemwa, na katika sura iliyotengenezwa ili neno hilo lisiulizwe.

Nani alikuwa na hatia? Aliyekusanya singa mashambani alijua kuwa ni za farasi, lakini pengine hakujua kuwa zitafika usoni mwa mtu. Mfanya biashara alijua ziendako, lakini hakumjua farasi aliyekufa kwa ugonjwa. Mwenye kiwanda alijua kuwa singa zimefananishwa na zisicho. Mwenye duka alijua bei tu. Askari hakujua kitu. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ujuzi, na hapana aliyekuwa na ujuzi mzima. Ni rahisi kusema kuwa mahali ambapo hapana ajuaye yote hapana mwenye kosa. Lakini hukumu hiyo si ya haki. Kati ya kutojua na kuficha pana umbali mkubwa. Aliyekusanya singa hakuficha kitu. Aliyefananisha farasi na melesi alijua wazi kuwa mnunuzi angependa kuambiwa. Kama asingejua hivyo, asingejipa taabu ya kufananisha. Kuigiza sura ya kitu kingine ni kukiri kuwa ukweli ungepunguza bei. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa lakini dhuluma ilizidi, maana aliyeficha alikuwa mmoja na aliyekufa alikuwa mwingine.

Pengine itasemwa kuwa wajibu wa kuuliza asili ya kila kitu ni mzigo usiobebeka. Mtu ana viatu, sabuni, mswaki, kitabu na taa. Akiuliza asili ya kila kimoja hatatoka nyumbani. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake haliwezi kuwa kuwatwisha wanunuzi mzigo wote. Mwenye kujua kwa gharama ndogo ndiye aanzaye kuwajibika. Kwa mwenye kiwanda, kusema burashi ni ya nywele gani ni kazi ya neno moja juu ya mpini. Kwa mnunuzi, kuligundua neno hilo peke yake ni kazi ya maabara. Kwa hiyo wajibu wa kusema hutangulia wajibu wa kuuliza. Sheria zimeelekea huko mara kwa mara, ingawa aghalabu baada ya msiba au malalamiko. Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia kimeta mwaka 1919, na mwaka 1920 ikakataza burashi za kunyolea zitokazo Japani zisiingizwe nchini. Malaysia mwaka 2013 iliamuru bidhaa zilizofanywa kwa sehemu ya nguruwe au mbwa zionyeshe hivyo wazi, na mwaka 2017 wakaguzi walikamata burashi za rangi na za kupikia zilizodhaniwa kuwa za nywele za nguruwe na zisizokuwa na alama. Sheria ya pili haikukataza burashi ya nguruwe. Ilikataza kimya tu.

Lakini wajibu wa mnunuzi haukufutwa. Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji: mithali hiyo haimtaki mtu ajue yote, humtaka ajifunze kwa lile lililokwisha kutokea mbele ya macho yake. Mtu asiyejua kwa sababu alifichwa hana lawama. Mtu asiyejua kwa sababu hakupata nafasi ya kuuliza ana udhuru. Lakini mtu anayeona bei iliyo chini kupita kiasi, akahisi sababu yake, akaacha kuuliza ili asije akajibiwa, huyo amejinunulia ujinga pamoja na burashi. Ujinga wa namna hiyo si upungufu wa ujuzi. Ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Mizani hii hupimwa vizuri zaidi kwa kinyozi. Ajinyoaye nyumbani huhatarisha uso wake. Kinyozi hushika nyuso za watu wengi, na burashi moja ikipita kutoka uso mmoja hadi mwingine bila ya kusafishwa, huchukua kutoka kwa huyu na kumpa yule. Mteja ameegemea kitini, kidevu juu, koo wazi; hali hiyo si ya mtu awezaye kukagua. Hawezi kuona burashi ilipita wapi asubuhi. Anachokitegemea ni kuwa kinyozi, aliye peke yake na ujuzi huo, ataitakasa burashi hata kama hapana aulizaye, au atatumia mkono wake mwenyewe katika kupaka povu. Uaminifu wa kinyozi hupimwa wakati kibanda ki kitupu, baina ya mteja atokaye na aingiaye.

Kwa hiyo uchaguzi wa burashi iliyo ngumu na iliyosongamana hauna budi kufanywa mara mbili. Mara ya kwanza hufanywa kwa kidole, na hapo mnunuzi ni huru kupenda nguruwe, melesi, farasi au uzi wa kiwandani kwa kadiri ya ndevu zake, sabuni yake na imani yake. Mara ya pili hufanywa kwa swali moja: hizi ni nywele za nini, na zilisafishwa vipi? Muuzaji akijibu, mnunuzi ajue kuwa amepata nusu ya bidhaa ambayo haishikiki. Muuzaji akikosa jibu kwa haki, aseme hivyo, na mnunuzi aamue akiwa macho. Na muuzaji akijua asiseme, basi hata burashi yake ikiwa ngumu namna gani, ameuza kitu pungufu kwa bei ya kitu kizima.