Kulegeza Nyuzi

Wapo wanaoamini kwamba kushusha kipimo chochote ni kuharibu. Alama za kufaulu zikishushwa, wanasema elimu imekufa; mpiga gita akilegeza nyuzi chini ya sauti iliyozoeleka, wanasema ni uvivu. Juu ya hilo la kwanza sitasema neno. La pili nalifahamu, kwani gita langu hapa Tengeru nimelishusha toni moja nzima, kwa ajili ya akina bibi.

Penye msiba, wao ndio waanzishaji wa nyimbo. Sauti ya mwanamke huzama kadiri anavyozeeka. Wimbo alioupanda bila taabu akiwa na miaka thelathini, akifika sabini humkaba koo katikati ya ubeti. Hapo hunyamaza. Hakuna aliyemfukuza, ila amekwisha kutolewa nje ya wimbo anaoujua kuliko sisi sote.

Kijana mmoja wa kwaya aliniambia, "Mzee, samahani, lakini gita lina sauti yake ya dunia nzima." Ni kweli. Mwaka 1939 mkutano uliofanyika London ulipatana kwamba noti ya A iwe mitetemo 440 kwa sekunde. Neno la kushika hapo ni "ulipatana", maana Ufaransa ilikwisha kuweka 435 mwaka 1859. Basi 440 si kama Mlima Meru, ambao tuliukuta. Ni kama siku za soko letu, Jumatano na Jumamosi: watu walizichagua ili wakutane, nazo hufaa kwa wanaotaka kukutana. Wanakwaya wetu wa zamani, walioimba kwa do-re-mi, hili walilijua. Mwalimu aliiweka do pale koo za watu wake zilipo.

Hata hivyo simkubalii anayesema kulegeza hakuna gharama. Ukishusha toni moja, mkazo wa uzi hupungua karibu sehemu moja ya tano. Ukizidi hapo, uzi hugonga vyuma vya shingoni na kukoroma. Mwenye kinanda naye lazima ajirekebishe. Na wanaume wa besi, ambao hakuna aliyewauliza, hujikuta wakinguruma mahali pasipo na wimbo tena. Huruma kwa bibi imelipwa na besi. Nadhani swali lenyewe liko hapa, wala si kwenye 440: nani analipa, na je, anaweza? Besi akikosa noti ya chini huazima ya juu yake, wimbo ukaendelea. Bibi akinyamaza, hakuna mwanzishaji.

Kisha lipo jambo la ufundi ambalo sijachoka kulifikiria. Kapo, kile kibanio kinachofungwa shingoni mwa gita, hupandisha sauti, kushusha hakiwezi. Aliyelegeza nyuzi zake atakifunga kwenye chuma cha pili na kufika pale pale anapopataka kijana wa kwaya. Aliyezikaza hadi kiwango, akakutana na mzee, hana cha kufunga, labda asimamishe wimbo na kuanza kulegeza uzi mmoja mmoja huku wafiwa wakimngoja.

Nilimwonyesha kijana. Alikubali hesabu, mengine hakukubali. Anasema masikio yake yamekulia kwenye redio na kanda, na nyimbo anazozijua zikipigwa chini namna ile humchosha kama mtu anayeongea kwa kunong'ona. Namwelewa. Masikio yake nayo ni ya mtu, na kwenye ile orodha ya wanaolipa nilikuwa sijamhesabu.